Njia Panda ya Umeme: Kutoka Tabora hadi Ujiji kwa Gari-Nyumba

Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika hapo. Baadhi iliendelea magharibi hadi Ujiji, na mingine ikaelekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Kiongozi wa msafara hakuwa na budi kupima mambo mawili: akiba aliyo nayo na njia atakayoishika. Mwaka 1872 David Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, kwa miezi kadhaa akingoja wapagazi kutoka pwani.

Akiba na njia ndiyo mambo yanayomkabili leo asafiriye kwa gari-nyumba, yaani gari lenye kitanda, jiko na jokofu, kutoka Tabora kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza hadi Ujiji. Iwapo jokofu hilo limebeba chanjo, ambazo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Sentigredi, kosa la umeme la usiku mmoja laweza kuharibu kinga ya kijiji kizima.

Akiba

Gari likiegeshwa mjini hupokea umeme wa gridi, wa volti 230 na hezi 50. Porini hutegemea betri inayochajiwa na paneli za jua. Jenereta ni tegemeo la mwisho. Betri hutoa mkondo mnyofu wa volti 12, ilhali vyombo vingi vya nyumbani huhitaji mkondo geu wa volti 230. Chombo kinachogeuza mkondo huo ni inveta.

Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 huhifadhi wati-saa 1,200. Ili idumu, yafaa kutumia nusu tu, yaani 600. Jokofu la wati 60 linalonguruma theluthi moja ya siku hula wati-saa 480. Inveta nayo, ikimeza wati 10 tu kwa saa 24, hula 240. Jumla ni 720: akiba imekwisha kabla ya siku kwisha. Kwa hiyo ni heri jokofu la volti 12 lisilopitia inveta, na inveta izimwe isipohitajika.

Birika la wati 2,000 ni mzigo mwingine. Inveta yenye ufanisi wa asilimia 90 italivutia betri ampea 185 hivi. Waya mwembamba utaungua. Ndiyo sababu waya wa betri huwa mnene na mfupi, na fyuzi huwekwa karibu na betri.

Njia

Vyanzo viwili vya mkondo geu visivyokwenda pamoja havipaswi kukutana. Kilele cha volti 230 ni volti 325. Kimoja kikiwa kileleni na kingine bondeni, tofauti hufikia 650, na inveta huharibika. Swichi ya kubadilishia lazima iachie kabisa njia moja kabla ya kushika nyingine, tena katika nyaya zote mbili, waya moto na nyutro.

Hatari kubwa zaidi iko nje ya gari. Mtu akichomeka jenereta katika soketi ya nyumba wakati gridi imekatika, umeme waweza kurudi hadi kwenye transfoma. Transfoma inayoshusha volti 33,000 huzipandisha vilevile umeme ukirudi kinyume, na fundi aliye juu ya nguzo, akiamini kuwa laini imekufa, aweza kuuawa.

Kosa la tatu ni kuilisha chaja kwa inveta ya betri ileile. Huko ni kuteka maji mtungini kwa kata inayovuja na kuyarudisha mtungini humohumo: kila mzunguko hupunguza maji.

Msafara wa kale haukuweza kushika njia mbili kwa wakati mmoja. Umeme nao usiruhusiwe kufanya hivyo.

Zoezi: Jokofu lililotajwa likiunganishwa moja kwa moja na betri hiyo, bila jua wala jenereta, litafanya kazi kwa saa ngapi kabla ya nusu ya akiba kwisha?