Mutombo na rekodi za pointi ambazo hazikufungwa

Kwenye orodha ya waliozuia mitupo mingi zaidi katika NBA, majina mawili ya juu kabisa ni ya Waafrika. Wa kwanza ni Hakeem Olajuwon wa Lagos, mitupo 3,830. Wa pili ni Dikembe Mutombo wa Kinshasa, 3,289. Kareem Abdul-Jabbar, ambaye wengi humtaja mapema sana wakianza kuhesabu masenta wakubwa, anakuja wa tatu. Mutombo alifariki tarehe 30 Septemba 2024 kwa saratani ya ubongo akiwa na miaka 58, na tangu hapo mashabiki wa kikapu wamekuwa wakizifukua upya takwimu zake. Anayezifukua hukutana na ugumu ule ule: rekodi za mtu huyu, karibu zote, ni za mambo ambayo hayakutokea. Ni pointi ambazo mpinzani alizitaka akazikosa.

Ndiyo maana kumtetea barazani ni kazi. Mfungaji hutetewa na namba zake mwenyewe. Mzuiaji ni kama golikipa: siku akifanya kazi yake vizuri, ubao unabaki ulivyokuwa.

Hesabu yenyewe nayo ina kasoro, tena si ndogo. NBA ilianza kuandika rasmi mitupo iliyozuiwa msimu wa 1973–74. Bill Russell alikuwa ameshastaafu mwaka 1969, na Wilt Chamberlain alicheza mechi yake ya mwisho ya NBA mwaka 1973. Mitupo yote waliyoipangua wawili hao haimo kwenye orodha. Kwa hiyo tunaposema Mutombo ni wa pili, tunamaanisha wa pili tangu waandishi wa takwimu waanze kuangalia. Mimi hilo halinisumbui, ila wazee waliomwona Russell wana haki ya kulalamika.

Tukija kwenye rekodi zisizo na ubishi, kuna mwaka 1994. Denver Nuggets waliingia mtoano wakiwa timu ya nane upande wa magharibi, na ushindi wa mechi 42. Waliopangiwa ni Seattle SuperSonics ya Gary Payton na Shawn Kemp, timu ya kwanza, ushindi 63. Raundi ya kwanza enzi hizo ilikuwa ya mechi tano, mwenye kushinda tatu anasonga mbele. Seattle wakabeba mbili za mwanzo nyumbani kwao, na watu wakaanza kuzungumzia raundi inayofuata. Hakuna timu ya nane iliyokuwa imewahi kuiondoa timu ya kwanza.

Denver wakasawazisha kwao, wakarudi Seattle, na tarehe 7 Mei wakashinda mechi ya tano 98–94 katika muda wa nyongeza. Ribaundi ya mwisho aliidaka Mutombo. Filimbi ilipolia alianguka chini chali, mpira ameushika kwa mikono miwili juu ya kichwa, mdomo wazi kwa kicheko, jitu la sentimita 218 limelala sakafuni likifurahi kama mtoto. Picha hiyo ndiyo mashabiki waliyoirudia kuliko zote wiki ile ya msiba. Katika mechi hizo tano alizuia mitupo 31, rekodi ya mfululizo wa mechi tano.

Kinachosahaulika ni kilichofuata. Raundi ya pili Denver walikutana na Utah Jazz ya Karl Malone na John Stockton, wakapoteza tatu za kwanza, kisha wakashinda tatu na kulazimisha mechi ya saba. Waliipoteza. Ila katika mechi hizo saba Mutombo alizuia mitupo 38, rekodi nyingine. Jumlisha: mitupo 69 katika mechi 12. Kwa maoni yangu hakuna senta aliyewahi kulinda pete kwa kiwango kile kwa muda ule, na hapo namhesabu hata Olajuwon, ambaye mwaka huo huo alitwaa ubingwa na Houston.

Halafu kuna kidole. Akishazuia mtupo alikuwa anakiinua na kukitikisa kushoto na kulia mbele ya uso wa aliyetupa, bila haraka, kama mzazi anayemkanya mtoto. Ligi ikaona ni dhihaka, ikaanza kumwadhibu; naye akahamia kuwatikisia watazamaji badala ya mpinzani. Aliyemlipa kwa fedha yake ni Michael Jordan. Mutombo alikuwa akijigamba kwamba Jordan hajawahi kumdankia. Kwenye mtoano wa 1997, Chicago ya Jordan dhidi ya Atlanta, timu ya Mutombo wakati huo, Jordan akamdankia, akatua, akamtikisia kidole hicho hicho. Mashabiki wa Mutombo hawaoni haya kuisimulia. Ukimwona Jordan anakumbuka deni, ujue mdai alikuwa mtu.

Tuzo ya mlinzi bora wa mwaka aliichukua mara nne, 1995, 1997, 1998 na 2001. Wanaolingana naye ni Ben Wallace na Rudy Gobert. Misimu mitano mfululizo, kuanzia 1993–94, hakuna aliyezuia mitupo mingi kuliko yeye katika ligi nzima. Mwaka 1996 wastani wake ulikuwa 4.5 kwa mechi.

Namba ninayoipenda zaidi haitajwi sana. Katika mechi 1,196 za misimu 18 alidaka ribaundi 12,359 na kufunga pointi 11,729. Ribaundi nyingi kuliko pointi, na bado akaitwa Mechi ya Nyota mara nane, akaingia Jumba la Umaarufu mwaka 2015, na jezi yake namba 55 ikastaafishwa na Denver na Atlanta. Timu zilimlipa ili wengine wasifunge.

Umri nao una sura yake. Mwaka 2007, akiwa na miaka 40 na jezi ya Houston Rockets, alidaka ribaundi 22 dhidi ya Denver ile ile aliyoanzia, akawa mchezaji mzee kuliko wote kuvuka 20 katika mechi moja. Mwaka uliofuata Houston walikuwa wameshinda 12 mfululizo pale senta wao Yao Ming alipoumia mguu. Mzee wa miaka 41 akapanda kuanza, na ushindi ukafika 22. Aprili 2009, kwenye mtoano dhidi ya Portland, goti likakatika, akatangaza kwamba basi. Miezi miwili baadaye Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, naye senta mzuiaji, aliteuliwa wa pili katika drafti. Ulinganisho na Mutombo uliompata Thabeet haukuwa wa haki. Mutombo alikuwa Nyota tangu msimu wake wa kwanza. Watu wa namna hiyo hawaji kila mwaka.

Pete ya ubingwa hakuipata. Alifika fainali mwaka 2001 na Philadelphia, akakutana na Shaquille O'Neal wa Lakers, aliyefunga wastani wa pointi 33. Akafika tena 2003 na New Jersey, San Antonio wakashinda. Wanaompunguzia heshima kwa hilo wanahesabu vibaya. Senta asiyefunga sana anahitaji mfungaji mkubwa pembeni yake, na alipompata Allen Iverson huko Philadelphia, Lakers walikuwa kwenye miaka yao bora.

Alikwenda Georgetown akikusudia kusomea udaktari, kocha John Thompson akamvuta kikapuni. Fedha ya kikapu aliirudisha nyumbani. Mwaka 1996 aligharimia sare na matumizi ya timu ya wanawake ya Zaire kwenye Olimpiki ya Atlanta. Udaktari nao haukumtoka kabisa: mwaka 2007 ikafunguliwa Kinshasa, eneo la Masina, hospitali ya vitanda 300 yenye jina la mama yake, Biamba Marie, ambaye alifariki katika siku za vurugu zilizomzuia kufikishwa hospitalini. Mamilioni ya dola yalitoka mfukoni mwake. Wakongo wengi wasiojua ribaundi ni nini wanamjua kwa jengo hilo.

Nani atamshusha kwenye nafasi ya pili? Jina linalotajwa ni Victor Wembanyama, Mfaransa mwenye asili ya Kongo kwa upande wa baba. Msimu wake wa kwanza, 2023–24, alizuia mitupo 254. Kwa kasi hiyo atahitaji misimu 13 bila kupungua. Msimu wa pili damu iliganda begani, akaishia mechi 46.