Msimu Ambao Mazembe Ilitawala bila Mputu

Kutoka Beni, mashariki mwa Kongo, hadi Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 1,200 hata ukipimia angani, na ukitaka kwenda kwa barabara, jiandae kuteseka. Kampala iko karibu zaidi: unavuka mpaka pale Kasindi, na Uganda ndiyo hiyo. Hata hivyo klabu ya soka ya TP Mazembe, Kunguru wa Lubumbashi, ina wapenzi katika miji ya Butembo na Beni, hata miongoni mwa wanaoshangilia AS Nyuki ya nyumbani. Wengi wakiulizwa msimu mkubwa kuliko yote, watautaja ule wa 2010.

Na msimu huo ulianza kuharibika mapema. Mwezi Mei, kwenye Kombe la Kagame mjini Kigali, nahodha Trésor Mputu na mwenzake Guy Lusadisu walimvamia mwamuzi katika mechi dhidi ya APR. Agosti, FIFA ikatoa hukumu: Mputu miezi 12 nje ya uwanja, Lusadisu 11. Mputu ndiye aliyekuwa roho ya timu, kijana aliyeiongoza kutwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2009 baada ya Heartland ya Nigeria kushindwa katika fainali kwa bao la ugenini. Kana kwamba hilo halitoshi, kocha naye alibadilishwa msimu ukiendelea: Diego Garzitto akaondoka, Lamine N'Diaye wa Senegal akashika usukani.

Timu nyingi zingekufa hapo.

Mazembe iliifunga JS Kabylie ya Algeria 3-1 nyumbani katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika, kisha ikaenda Tizi Ouzou kulinda ushindi huo kwa sare tupu. Tarehe 31 Oktoba Espérance ya Tunisia ikatua Lubumbashi kwa mechi ya kwanza ya fainali na kuondoka na mabao matano bila jibu. Watunisia walilalamika sana juu ya uamuzi wa siku ile, na kweli kadi nyekundu iliwaumiza, lakini bao tano ni bao tano. Marudiano mjini Radès, 13 Novemba, yalikuwa 1-1. Kombe likabaki Lubumbashi.

Kilichofuata ndicho kilichowasisimua watu zaidi. Kama mabingwa wa Afrika, Mazembe ilikwenda kwenye Kombe la Dunia la Klabu, lililochezwa Abu Dhabi, mwendo mfupi tu kutoka Dubai, mji ambao wafanyabiashara wa Butembo wanaujua kama soko la mtaani kwao. Butembo yenyewe haikuwa na umeme wa serikali. Mji mzima uliishi kwa jenereta, kwa hiyo dakika 90 za televisheni zilikuwa pia hesabu ya mafuta.

Tarehe 10 Desemba, bao la Bedi Mbenza likaiondoa Pachuca ya Mexico. Siku nne baadaye ikaja Internacional ya Brazil, mabingwa wa Amerika Kusini. Mulota Kabangu akafunga, Dioko Kaluyituka akaongeza la pili. Kipa Robert Kidiaba, ambaye siku hiyo alizuia kila kitu, akaketi chini, miguu mbele, akaanza kurukaruka kwa makalio uwanjani. Dunia ilicheka, ila Wabrazili hawakucheka.

Fainali ya 18 Desemba dhidi ya Inter Milan ya Samuel Eto'o iliisha 3-0, na hakuna cha kubishana. Inter walikuwa bora. Kaluyituka alipewa tuzo ya mchezaji wa pili kwa ubora wa mashindano, nyuma ya Eto'o.

Mwaka 2015 Mazembe ilichukua tena ubingwa wa Afrika, safari hiyo ikiwa na Mbwana Samatta wa Tanzania, kikosi ambacho pengine kilikuwa na vipaji zaidi. Bado 2010 inazidi kwa uzito, kwa sababu ushindi wake uliletwa na watu waliotarajiwa kumsindikiza Mputu tu. Kabla yao, hakuna klabu kutoka nje ya Ulaya na Amerika Kusini iliyowahi kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Raja Casablanca ya Morocco ilifika mwaka 2013. Kusini mwa Sahara, ni Mazembe peke yake.