Kichaka cha Shimba Hills kilivyoingia kwenye dripu

Kama una watu wako Kwale au Mombasa, huenda umewahi kupelekwa Shimba Hills kuangalia ndovu na palahala. Jambo ambalo huwa halitajwi ni hili: miaka ya 1970, zaidi ya tani 27 za kichaka kimoja zilivunwa kule kwa ajili ya utafiti wa Marekani, kwa sababu ndani yake kulikuwa na kitu kinachoua seli za saratani.

Kitu chenyewe kinaitwa maitansini. Mkemia S. Morris Kupchan wa Chuo Kikuu cha Virginia na wenzake walikitangaza mwaka 1972, baada ya kukitoa kwenye mmea wa Ethiopia. Baadaye ikaonekana ndugu yake wa Kenya, Maytenus buchananii, anacho kwa wingi zaidi. Lakini wingi gani sasa? Kilo nzima ya mmea, miligramu chache tu. Ndiyo maana zikahitajika tani.

Inafanyaje kazi? Seli ikitaka kugawanyika inajenga mirija midogo sana ya kuvuta kromosomu, nusu huku, nusu kule. Mirija hiyo inajengwa kwa protini inayoitwa tubulini. Maitansini inaing'ang'ania tubulini, mirija haijengeki, seli inakwama katikati na kufa. Na seli za saratani, si unajua, kazi yao ni kugawanyika tu.

Shida ni kwamba maitansini haichagui. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa iliwatapisha na kuwaharisha vibaya, ikaumiza neva, na faida ikawa ndogo. Ikawekwa kando. Kupchan mwenyewe alishafariki mwaka 1976.

Iliyoiokoa ni fikra ya kuipa anwani. Wanasayansi wa kampuni ya ImmunoGen walitengeneza aina yake inayoweza kufungwa kwenye kingamwili. Ikafungwa kwenye trastuzumab, kingamwili inayoshika protini ya HER2, ambayo imejaa kwenye takriban saratani moja ya matiti kati ya tano. Seli inaimeza kingamwili pamoja na mzigo wake, na sumu inaachiwa humo humo ndani. Dawa hiyo, Kadcyla, iliidhinishwa Marekani Februari 2013. Na vichaka havikatwi tena, maana siku hizi malighafi inatoka kwa bakteria wanaokuzwa kiwandani.

Wadigo nao wamo humu. Watafiti waliofuatilia uvunaji ule wameandika kwamba Wadigo walikuwa wakiutumia mmea huo kutibu magonjwa ya aina hii, ila hawakuombwa ridhaa wala kutajwa. Hilo ni deni, na tuliseme.

Sasa tuje nyumbani. Mtu akipata saratani kwenye familia, sauti za WhatsApp zinaanza: acha kemo, hiyo ni sumu, kunywa majani ya stafeli, ni ya asili. Rahisi kucheka, lakini shangazi hakosei kuamini mimea. Vinkristini, dawa ya kemo wanayopewa watoto wengi wenye saratani ya damu, imetoka kwenye ua la Madagascar, lile la waridi na jeupe linalopandwa nyua nyingi za pwani. Paklitaxeli ilitoka kwenye gome la mti.

Lakini maitansini nayo ilikuwa ya asili, na iliumiza watu. Kati ya jani na dripu kuna maswali: ni kitu gani hasa kinachofanya kazi, kiasi gani, na kinamuumiza nani? Kwa stafeli, vitu vilivyomo vimeua seli kwenye vyombo vya maabara. Hakuna utafiti kwa wagonjwa ulioonyesha kwamba inaponya saratani. Na kikombe cha majani yaliyochemshwa hakina kipimo: hujui umekunywa nini, wala kama kinagongana na dawa za hospitali.

Kwa hiyo ukiulizwa, wewe unayejua lugha mbili, usiwaambie wazee kwamba dawa zao ni ushamba. Sema hivi: "Shikamoo shangazi. Majani tusiyatupe, tumwonyeshe daktari kwanza. Ila dripu, tafadhali, mama asiiache."