Nyimbo Zetu Zisifungwe Kufuli

Watu wa visiwa hivi walikwisha ijua thamani ya sauti iliyohifadhiwa tangu mwaka 1928, pale Siti binti Saad alipovuka bahari kwenda Bombay kutia sauti yake katika santuri. Baada ya santuri zikaja kanda, na baada ya kanda zikaja CD. Nyimbo za Ikhwani Safaa, chama kilichoasisiwa mwaka 1905, na za Culture Musical Club, na za marehemu Bi Kidude aliyetutoka Aprili 2013, zote zimo katika CD. Nyingi katika hizo zilitengenezwa Ulaya, kama zile za mfululizo wa Zanzibara ulioanza kutolewa huko Ufaransa mwaka 2005. Ziko majumbani mwetu, na ziko katika makabati ya ofisi za umma.

Sasa kompyuta mpya zinauzwa bila ya mlango wa kutilia CD, na sahani zenyewe, hasa zile zilizonakiliwa mitaani, zinaharibika kwa joto, unyevu na mikwaruzo. Kwa hiyo kuzihamisha nyimbo hizi katika kompyuta ni kazi isiyongoja. Wengi wameianza, nasi tunawapongeza. Lakini kuna jambo moja ambalo hatuna budi kulisema waziwazi kwa wananchi na kwa wakuu wa ofisi zinazohusika: nakala inaweza kufanywa ikiwa imefungwa, na mwenye kuinakili asijue.

CD ya muziki kwa asili yake haina kufuli. Utaratibu wake uliwekwa na Philips na Sony mwaka 1980, na CD zenyewe zikaingia sokoni mwaka 1982. Sauti hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, kushoto na kulia, na vipimo hivyo huandikwa kwa tarakimu. Wakati ule hakuna aliyefikiri kwamba siku moja kila nyumba itakuwa na mashine ya kuzisoma tarakimu hizo na kuziandika upya bila ya kupoteza hata moja. Siku hiyo ilipofika, makampuni yakaingiwa na hofu.

Hofu hiyo ilizaa vituko. Mwaka 2005 kampuni ya Sony BMG iliuza CD ambazo, zikitiwa katika kompyuta, zilipandikiza humo programu iliyojificha isionekane na mwenye mashine. Tarehe 31 Oktoba mwaka huo mtaalamu Mark Russinovich aliitangaza siri hiyo. Ikadhihirika kwamba maficho yale yangeweza kutumiwa pia na virusi, na kampuni ikalazimika kuzirudisha CD zake kutoka madukani. Tuangalie ni nani aliyedhurika hapo. Haramia aliyepata nyimbo zile kwa njia za panya hakuguswa. Aliyeumizwa ni yule aliyekwenda dukani akalipa kwa halali yake.

Kufuli inayotuhusu sisi zaidi haikuja na CD. Ilikuwa ndani ya programu ya Windows Media Player, ambayo watu wengi wameitumia kunakilia. Katika mipangilio yake palikuwa na kisanduku kidogo cha kuukinga muziki usinakiliwe. Kikiwa na alama, kila wimbo ulionakiliwa ulifungwa, na ruhusa ya kuufungua ikawekwa katika kompyuta ile ile. Uhamishe wimbo huo kwenye mashine nyingine, hauimbi. Kompyuta ikifa, au fundi akiisafisha na kuiwekea Windows upya, ruhusa hupotea, na faili hubaki kama sanduku la chuma ambalo ufunguo wake umezama baharini.

Microsoft wenyewe waliiacha njia hiyo. Mwaka 2015 walitoa programu ya kuziondolea kufuli nyimbo ambazo watu walizinakili kutoka katika CD zao, na kwa toleo la Windows 10 la mwaka 2016 wakaondoa kabisa uwezo wa kucheza faili zilizofungwa kwa utaratibu ule wa zamani. Ofisi iliyonakili CD zake mwaka 2004 kisha ikazitupa, ikidhani amana imehifadhika, leo inaweza kukuta haina CD wala haina wimbo.

Kwa hiyo anayenakili leo kwa mashine ya zamani na akague kwanza mipangilio, aiondoe alama ya ukingaji. Achague namna ya faili iliyo wazi. FLAC inatufaa zaidi, kwani haipunguzi chochote katika sauti na hata hivyo huchukua takriban nusu ya nafasi. MP3 ni nyepesi, na yafaa kwa kusikilizia garini, lakini hutupa sehemu ya sauti ambayo hairudi tena. Wenye kuujua mlio wa kanuni na fidla watatuelewa.

Tunajua watakaotuuliza: je, hamwafungulii mlango wezi wa kazi za wasanii? Hapana. Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003, na nguvu yake haikutoka katika kisanduku cha programu. Mwenye kuzirudufu nyimbo za watu na kuziuza Darajani ni mkosaji, ziwe zimefungwa au ziwe wazi. Ofisi ya umma nayo, kabla ya kunakili au kuwagawia watu, inapaswa kwanza kupata idhini ya wenye haki. Haki ya mtunzi inalindwa kwa kumlipa na kwa kuwashitaki wanaomwibia, na hilo ndilo tunalotaka lisimamiwe kwa nguvu zaidi. Kufuli ile haikumwongezea mtunzi hata senti moja.

Kwa wakuu wanaotunza makusanyo ya umma tunapendekeza hivi: nakala ya kwanza ibaki Unguja, ya pili ipelekwe Pemba, na kila moja ijaribiwe katika kompyuta ambayo haikutumika kunakili. Ikiimba humo tangu mwanzo hadi mwisho, CD irudishwe kabatini, mahali pakavu. Isitupwe.