KIOO CHA GARI HUPANDAJE?



Wapenzi wanafunzi na wazazi wetu, magari yanapokuja kuchukua watoto jioni, jambo la kwanza analofanya mtoto akishakaa kwenye kiti ni kuchezea swichi ya kioo. Kioo kinashuka, kinapanda, kinashuka tena. Dereva anafoka, mtoto anacheka. Katika makala hii tutaufungua mlango huo tuone ndani yake kuna nini, kwa sababu swichi ile ndogo inaamrisha nguvu kubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani.

KIOO CHA KUZUNGUSHA KWA MKONO

Tuanze na gari la zamani. Ukibandua kava la ndani la mlango utakuta kioo kimekaa kati ya mifereji miwili yenye raba, na chini yake kuna kipande cha chuma kinachokibeba. Ule mkono tunaouzungusha umeungana na gia ndogo yenye meno machache. Gia hiyo inasukuma gia kubwa zaidi, ambayo si duara kamili bali ni kipande tu, mithili ya kipande cha tikiti maji. Gia kubwa imeshikana na fimbo ndefu ya chuma. Gia ikigeuka kidogo tu, ncha ya mbali ya fimbo hunyanyuka sana, na ncha hiyo ndiyo inayosukuma kioo juu. Magari mengi huwa na fimbo mbili zilizopishana kama mkasi ili kioo kisipande upande upande.

Aina nyingine haina mkasi, ina waya wa chuma unaopita kwenye makapi. Watoto wa pwani hawana haja ya kuelezwa sana hapa: ni kama henza inavyopandisha tanga la jahazi. Unavuta waya upande mmoja, kioo kinapanda. Unavuta upande wa pili, kinashuka.

Wazo la kuzungusha mkono ili kitu kipande na kushuka si geni katika historia ya Waislamu. Ismail al-Jazari, fundi mkuu wa watawala wa Diyarbakir, ambayo leo ipo Uturuki, alimaliza kitabu chake cha mitambo mwaka 1206 (602 Hijria). Humo alieleza mtambo wa kuteka maji unaotumia mkono wa aina hiyo kugeuza mzunguko kuwa mwendo wa kupanda na kushuka. Msije mkasema mwalimu kawaambia kuwa al-Jazari alitengeneza vioo vya magari! Nasema tu kwamba elimu hii ina wazee wake, na baadhi yao ni wetu.

Sasa jiulizeni: kwa nini kioo hakianguki chenyewe tukiachia mkono? Ndani ya kitovu cha mkono kuna springi iliyokaa ndani ya kikombe cha chuma. Ukizungusha wewe, springi inajikaza na kusinyaa, inakuachia upite. Lakini mwizi akikikandamiza kioo kutoka juu, springi ile ile inatanuka na kung'ang'ania ukuta wa kikombe. Kwa hiyo mkono wako unakiendesha kioo, lakini kioo hakiwezi kuuendesha mkono.

KIOO CHA UMEME

Kampuni ya Packard ya Marekani ilikuwa na magari yenye vioo vya kujipandisha tangu mwaka 1940, ila yalitumia nguvu ya majimaji. Ya leo hutumia mota ndogo ya umeme wa betri, volti 12. Swichi haina kazi kubwa: ukibonyeza upande mmoja umeme unapita mota kwa njia moja, ukibonyeza upande wa pili unapita kinyume, na mota nayo inazunguka kinyume.

Uhodari wenyewe uko mbele ya mota. Mhimili wake umechongwa kama parafujo, na parafujo hiyo imekaa kwenye meno ya gia ya duara. Kila parafujo ikizunguka mara moja, gia inasogea jino moja tu. Tuchukulie gia ina meno 60: mota itazunguka mara 60 ndipo gia izunguke mara moja. Mwendo unapungua, nguvu inaongezeka mno, ijapokuwa sehemu kubwa inaliwa na msuguano. Ndivyo mota inayoenea kiganjani inavyoweza kunyanyua kioo cha kilo kadhaa bila kuchoka.

Parafujo ina sifa nyingine: yenyewe huigeuza gia, lakini gia haiwezi kuigeuza parafujo. Kioo kilichopanda hakirudi kwa kusukumwa. Hapo mwizi ameshindwa. Lakini hapo hapo ndipo panapotokea hatari.

Zamani, mzazi aliyekuwa anazungusha kwa mkono alihisi kizuizi. Kidole cha mtoto kikikaa juu ya kioo, mkono unakuwa mzito, naye anaacha. Mota haihisi. Inakwenda mpaka ikwame. Kuna kifaa cha kukata umeme mota ikipata joto, lakini kifaa hicho kimewekwa ili kuinusuru mota isiungue, si kumnusuru mtoto.

Watengenezaji wamejaribu kuurudisha ule mguso wa mkono. Katika baadhi ya magari kuna kihisio kinachohesabu mizunguko ya mota; ikipunguza mwendo kabla kioo hakijafika juu, kompyuta inajua kuna kitu kimebanwa, inakirudisha kioo chini. Kanuni za Marekani na za Ulaya zinataka kioo cha namna hiyo kigeuke kabla nguvu yake haijazidi nyutoni 100, sawa na uzito wa ndoo ya maji ya lita 10. Kioo kisicho na kihisio huweza kuzidi hapo. Pimeni wenyewe ndoo hiyo ingekaa shingoni mwa mtoto wa chekechea!

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba katika magari mengi, yakiwemo mengi tunayoletewa yakiwa yametumika Japani, ulinzi huo uko kwenye kioo cha dereva peke yake, kile chenye swichi iliyoandikwa AUTO. Vioo vya nyuma, wanakokaa watoto, havina.

Tazameni pia umbo la swichi. Swichi ya zamani hukaa kama pembea, ukikandamiza mbele kioo kinapanda. Mtoto akipiga magoti kwenye kiti na kutoa kichwa dirishani, goti lake linaweza kuikandamiza bila yeye kujua. Marekani walitoa kanuni juu ya hilo mwaka 2004, na mwaka 2005 bunge lao likaamuru swichi iwe ya kuvutwa juu ndipo kioo kipande. Sababu ni nyepesi: goti linaweza kukandamiza, haliwezi kuvuta. Magari yaliyotengenezwa kabla ya hapo bado yanatembea barabarani kwetu.

LA KUFANYA

Wazazi na madereva, mlango wa dereva una kitufe cha kufunga swichi za abiria. Kibonyezeni kabla ya safari. Ila fahamuni kwamba hakizuii swichi za dereva, kwa hiyo geukeni nyuma mtazame kabla ya kupandisha kioo chochote. Ufunguo nao usiachwe kwenye gari lenye watoto.

Akibanwa mtu, msizime gari. Wengi hukimbilia kuzima, na mkizima, parafujo inabaki imekamata pale pale na kioo hakivutiki kwa mikono. Bonyezeni swichi ya kushusha.

Kama mnataka kujua iwapo kioo chenu kina kihisio, weka gazeti lililoviringishwa juu yake kisha kipandishe. Gazeti, si mkono.

Na kioo kikianza kupanda kwa kusuasua au kwa kelele, mara nyingi ni vumbi kwenye raba au waya unaoanza kuchanika. Hewa ya chumvi ya huku kwetu hairehemu chuma. Safisheni mifereji kwa kitambaa chenye maji, na msipake oili ya injini kwa kuwa huiharibu raba. Waya ukikatika kioo hudumbukia ndani ya mlango, na fundi atabadilisha mashine nzima ya kioo.

Wabillahi taufiq.