Kahawa Ibaki Ghalani, Namba Ndiyo Isafiri

Kahawa ya Meru na Embu inaponadiwa Nairobi, magunia hayabebwi hadi ukumbini. Yanabaki ghalani. Wanunuzi huwa wamekwisha kuonja sampuli, na siku ya mnada kinachotajwa ni namba ya fungu iliyo kwenye orodha. Programu ya kompyuta nayo inafaa kuandikwa hivyo.

Tuseme umehifadhi kwenye vekta vipimo 1,000,000 vya kahawa iliyopimwa kiwandani, kila kimoja baiti 8. Jumla ni megabaiti 8. Ukiandika kwa C++ funksheni ya kutafuta wastani, nayo ikapokea vekta hiyo kwa thamani, basi kila ikiitwa inatengenezewa nakala ya vipimo vyote, kisha nakala hiyo inatupwa. Iite mara 1,000: umehamisha gigabaiti 8 ambazo hazikukusaidia kitu. Weka alama ya & na funksheni inapokea anwani tu, ambayo kwenye mashine ya biti 64 ni baiti 8.

Ila mwenye anwani anaweza kuingia ghalani na kuvuruga magunia. Neno const humzuia: asome, asiguse. Namsihi kila anayeanza aliandike tangu mwanzo, aliondoe akiwa na sababu.

Hatari kubwa zaidi ni kurudisha anwani ya kitu kilichoundwa ndani ya funksheni. Kazi ikiisha kitu hicho hakipo tena; umeshika namba ya ghala lililobomolewa. Rudisha vekta yenyewe. Tangu C++11, ya mwaka 2011, huhamishwa badala ya kunakiliwa, na mara nyingi kompaila huijenga moja kwa moja kwa mpokeaji.

Namba moja moja, kama int au double, ipitishe kwa thamani. Husafiri ndani ya rejista. Hakuna haja ya kumtuma mtu ghalani kwa punje moja.

Nakala inayoniudhi ni ile isiyoonekana. Wewe unayesoma Chuo Kikuu cha Embu au kile cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, ukiita Fortran kutoka Python kwa zana ya f2py, kumbuka kwamba Fortran hupanga jedwali kwa safu wima, maktaba ya NumPy ya Python kwa kawaida kwa safu mlalo. Mpangilio usipolingana, f2py hunakili jedwali zima la pembejeo kimya kimya. Liunde kwa order='F' tangu mwanzo, na aina ya namba ilingane na ile inayotarajiwa na Fortran.