Papa na popo: tofauti si herufi tu

Nilipanda basi hadi Lodwar, kisha Kakuma, kumtembelea mpwa wangu anayesomesha huko. Mkobani nilikuwa na papa mkavu, na kwa harufu ile abiria walininunia mpaka Kitale.

Jioni ya Lodwar nilisimama chini ya migunga kando ya Mto Turkwel. Popo mwenye mabawa ya manjano alikuwa ananing'inia tawini, masikio marefu, macho makubwa. Mdudu akipita anamrukia, kisha anarudi pale pale. Wataalamu humwita Lavia frons. Huishi wawili wawili, dume na jike, na jike huzaa mtoto mmoja tu, akaruka naye amemng'ang'ania.

Kakuma, wanafunzi walipouona mzigo wangu wakauliza: baina ya papa na popo, nani bingwa wa gizani? Mpwa wangu akacheka. "Mjomba, jibu wewe mtu wa bahari."

Nikawaeleza habari za pingusi, yule papa mwenye kichwa kama nyundo. Popo hutoa sauti nyembamba tusizozisikia, na mwangwi ukimrudia hujua kitu kiko wapi. Pingusi hatoi sauti. Kichwani ana vitundu vyenye ute vinavyohisi umeme mdogo wa misuli ya samaki, hata aliyejifukia mchangani.

Kilichowashangaza ni uzazi. Pingusi hatagi mayai! Hubeba mimba karibu mwaka mzima, na watoto hulishwa tumboni kwa kitovu, kama sisi. Huweza kuzaa kumi na wawili, hata arubaini. Lakini wakishatoka, mama hana habari nao; maziwa hana. Popo hunyonyesha, ndiyo maana yeye ni mnyama, si ndege, na papa hubaki samaki.

"Basi papa hawezi kwisha," akasema kijana mmoja.

Hapo ndipo penye shida. Pingusi huchukua miaka mingi kupevuka, na vitoto vyake hukulia maji haba karibu na ufuo, kama Ghuba ya Ungwana, ndipo nyavu zetu zilipo. Mwaka 2019 aliwekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Popo naye tunampiga mawe kwa hofu tu, na akifa jike aliyebeba, wamekufa wawili.

Kijana akamtazama papa wangu mezani, mzima, urefu wa mkono wangu. "Huyu alikuwa mkubwa?"

Nikamwambia la.